Msaada: spika za nyuma kimya, maneno hayasikiki, sabufa inavuma (Chake Chake)

Machomane_Juu (#1)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nina risiva ya sauti ya 5.1 (spika tano na sabufa moja) niliyoinunua mwaka jana ikiwa imeshatumika, na spika zake tano na sabufa yenye plagi yake mwenyewe ya pini tatu. Mwaka mzima imefanya kazi bila ya shida. Kabla ya Idi tulipaka rangi ukumbini, nikavua nyaya zote, na baada ya siku tatu nikazirudisha mwenyewe. Tangu siku hiyo si seti ile tena.

Spika za nyuma kimya zote mbili. Ya kati, ile iliyo chini ya TV, nayo kimya. Sauti inatoka mbele kushoto na kulia tu, na hata huko haieleweki: muziki nausikia, lakini watu wakizungumza kama wako chumba cha pili. Bi mkubwa wangu, yaani mama, masikio yamepungua nguvu, sasa ameacha kukaa nasi kuangalia, anasema hasikii neno. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Juu ya hayo sabufa inavuma mmmmm muda wote, hata TV ikiwa imezimwa.

TV inaingia kwenye risiva kwa waya wa optiko, ule wenye taa nyekundu nchani. King'amuzi kinaingia kwenye risiva hiyo hiyo kwa nyaya nyekundu na nyeupe. Filamu tunaweka kwa fleshi kwenye TV.

Nimeipeleka kwa fundi, akaiangalia juu juu akasema bodi imekufa, bora ninunue nyingine, laki tatu na nusu. Ndugu zangu, bodi inaweza kufa kwa kupaka rangi?

---

Bandari_Wete (#2)

Waalaykum salaam. Yakhe, uza hiyo, nunua saundiba, ile spika moja ndefu ya kuweka chini ya TV. Waya mmoja tu, mambo yamekwisha. Mimi nyumbani kwangu sitaki tena nyaya kupita chini ya zulia.

---

Nyaya_Mlandege (#3)

Waalaykum salaam ndugu yetu wa Machomane. Usitoe hata shilingi kwanza. Kifaa kilichokuwa kizima Jumatatu, kikavuliwa nyaya, kikarudishwa Alhamisi kikiwa kibovu, mimi siangalii bodi. Naangalia nyaya na mipangilio. Miaka yote niliyokaa mezani na vyombo hivi, bodi ndiyo kitu cha mwisho kufikiriwa.

Hebu tuifuate sauti kuanzia kwenye spika kurudi nyuma. Risiva za 5.1 karibu zote zina sauti ya majaribio ndani yake yenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya spika kwa rimoti, tafuta sehemu ya kupima ukubwa wa sauti ya kila spika. Itatoa mlio wa shhhhh, kama mvua juu ya bati, spika moja baada ya nyingine: mbele kushoto, kati, mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto, sabufa. Mlio huo hautoki kwenye TV wala kwenye king'amuzi, unazaliwa ndani ya risiva. Kwa hiyo spika itakayotoa shhhhh, waya wake mzima, na upande wake wa bodi mzima. Itakayonyamaza, hiyo ndiyo tutaishughulikia.

Fanya hilo moja tu, usiguse kingine chochote, halafu urudi utuambie. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichoponya.

---

Machomane_Juu (#4)

Nimeshukuru sana maalim. Nimefanya baada ya Isha, watoto wamelala.

Mbele kushoto inalia. Kati inalia, tena kwa nguvu! Mbele kulia inalia. Nyuma kulia inalia. Nyuma kushoto kimya kabisa. Sabufa inalia na mvumo wake juu.

Sasa sielewi. Kama ya kati na ya nyuma kulia ni nzima, mbona nikiweka filamu hazitoi kitu?

---

Nyaya_Mlandege (#5)

Alhamdulillah, bodi yako nzima, na laki tatu na nusu imebaki mfukoni.

Umepata jibu la nusu ya matatizo bila ya kufungua skrubu moja. Spika ya kati na ya nyuma kulia hazina ubaya, hazipelekewi kazi. Risiva inapokea chaneli mbili tu za sauti, kushoto na kulia, na inafanya kile ilichopewa.

Nenda kwenye TV, si kwenye risiva. Mipangilio, Sauti, kisha ule mstari wa sauti ya kidijitali inayotoka nje. Nakisia utakuta pameandikwa PCM, yaani sauti isiyobanwa. Ule waya wa optiko, ukiambiwa utoe PCM, hubeba chaneli mbili tu, hauna nafasi ya zaidi. Lakini waya huo huo ukiambiwa utoe Bitstream, au Dolby Digital, au kwenye TV nyingine Auto, hubeba chaneli zote sita zikiwa zimebanwa, na risiva ndiyo inayozifungua. Teknolojia hii ya Dolby Digital iliingia majumba ya sinema mwaka 1992, na optiko yako inaimudu vizuri.

Nani aliigusa TV wakati wa kupaka rangi?

---

Machomane_Juu (#6)

PCM. Umeona kama ulikuwa ukumbini kwangu.

Nimemuuliza mtoto wa dada yangu, akakiri: siku ile picha ilikuwa na rangi mbaya, akairudisha TV yote kwenye mipangilio ya kiwandani. Simlaumu, alitaka kusaidia.

Nimeweka Bitstream. Fleshi moja: spika ya kati imezungumza, nyuma kulia imezungumza! Fleshi ya pili: kimya kabisa, hata mbele hakuna sauti.

---

Nyaya_Mlandege (#7)

Hiyo fleshi ya pili angalia jina la faili, mara nyingi utaona herufi DTS. Ni mfumo mwingine wa sauti, mshindani wa Dolby, na TV nyingi hazina ruhusa ya kuufungua, basi hukaa kimya. Si ubovu. Tafuta nakala ya filamu hiyo yenye sauti ya Dolby Digital, au ichezee kwenye deki inayoingia moja kwa moja kwenye risiva.

Na king'amuzi usikitegemee sana kwa spika za nyuma. Matangazo mengi ya TV huja na chaneli mbili tangu yanakotoka. Ukitaka zote zifanye kazi kwenye mpira, bonyeza Pro Logic II kwenye risiva, itazigawa mbili kuwa tano kwa kukisia. Kelele za mashabiki zitakwenda nyuma, mtangazaji atakaa kati. Si 5.1 ya kweli, lakini kwa mpira mimi naipenda.

Sasa nyuma kushoto. Beba spika yenyewe, ipeleke upande wa kulia, ifunge kwenye waya wa kulia unaofanya kazi. Ikilia, spika nzima na ubaya uko kwenye waya wa kushoto. Isipolia, spika ndiyo. Zima risiva na uchomoe plagi kabla ya kugusa nyaya. Nyuzi mbili zikigusana risiva ikiwa inawaka, hapo ndipo bodi hufa kweli.

---

Kikwajuni_Juu (#8)

Naomba niongeze hapo kwenye plagi, ingawa si swali lake. Wenye risiva za mitumba kutoka Japani, geuzeni chombo muangalie kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kule umeme ni volti 100. Huku ni 230. Nimeona kwa macho yangu risiva nzuri mno, nzito ya watu wawili kubeba, imechomekwa moja kwa moja na moshi ukatoka juu kwenye matundu ya hewa kabla mwenyewe hajaachia swichi. Inataka transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa wati kupita zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Zilizopita Dubai mara nyingi huwa za 220 au 240, hizo hazina neno.

---

Machomane_Juu (#9)

Yangu imeandikwa 220–240, nimeangalia sasa hivi, moyo umetulia.

Spika ya kushoto nimeipeleka kulia: inalia. Kwa hiyo ni waya. Nimeumenya nchani, na ndani hakuna shaba. Yaani ipo, lakini nyeusi kama masizi, na pale karibu na plastiki ina unga wa kijani. Nimekata sentimita mbili, bado nyeusi. Nimekata tena, bado. Waya wenyewe unapita dirishani, upande wa upepo wa bahari.

---

Nyaya_Mlandege (#10)

Hiyo ni chumvi, ndugu yangu. Visiwani hapa ndiyo maradhi nambari moja ya nyaya za spika, na hakuna kitabu cha maelekezo cha chombo kinachoitaja, maana waliokiandika hawakai Wete wala Nungwi. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, inaingia nchani pale ulipomenya, halafu inatambaa ndani ya plastiki nyuzi kwa nyuzi. Kwa nje waya unaonekana mpya.

Endelea kukata mpaka ufikie shaba inayong'ara, ya rangi ya chungwa. Mimi nimewahi kukata karibu mita nzima nyumba moja ya Shangani, na kila nikimenya naona weusi uleule. Ukishakata mita na bado nyeusi, tupa, nunua mwingine. Ukinunua, menya dukani kidogo kwa kisu, kwaruza uzi mmoja. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ikipata chumvi haidumu. Taka shaba tupu. Kwa mita 8 au 10 za ukumbi, waya wa milimita mraba 1.5 unatosha kabisa, usiuziwe ule mnene kama kamba ya ngalawa.

Ukishafunga, ncha zote zipake mafuta mazito ya mgando kidogo juu ya kiungo, baada ya kukaza, ili hewa isiguse shaba.

---

Ukili_wa_Pemba (#11)

Assalaam alaykum kaka zangu. Mmeizungumza nyuma vizuri, lakini kilichomuuma huyu kaka ni mamake asiyesikia maneno, na hilo mmelipita.

Kaka, ulisema watu wanazungumza kama wako chumba cha pili, na muziki unausikia. Hilo lilinipata mimi pia. Angalia spika mbili za mbele, waya wa chanya na wa hasi. Moja umeigeuza. Spika mbili zikisukuma pamoja, sauti ya mtu hukaa katikati. Moja ikisukuma na nyingine ikivuta, kile kilicho sawa pande zote mbili hufutana, na kilicho sawa pande zote ni maneno ya watu na besi. Muziki wa pembeni unabaki. Kwa hiyo unasikia vinanda na ngoma, lakini binadamu amepotea.

Kupima ni rahisi. Chomoa waya wa spika kwenye risiva, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha waya wenye mstari kwenye kichwa cha betri na mwingine kwenye kitako, mara moja tu, kugusa na kutoa. Mtu mwingine aangalie karatasi ya spika. Ikitoka mbele, sawa. Ikizama ndani, umeigeuza. Mimi nilimweka binti yangu wa skuli ashike tochi, akaniambia "mama, hii inarudi nyuma," na hapo hapo nikajua.

---

Machomane_Juu (#12)

Dada yangu, Mola akulipe kheri. Mbele kulia, karatasi ilizama ndani. Nyaya zangu hazina rangi, zina mstari mwembamba upande mmoja, na mimi nilizirudisha usiku umeme umekatika, kwa mwanga wa simu.

Nimeigeuza. Nilipowasha taarifa ya habari, msomaji alirudi katikati ya TV.

---

Ukili_wa_Pemba (#13)

Alhamdulillah. Sasa kwenye risiva, spika ya kati iongezee desibeli 2 au 3 juu ya zingine. Halafu tafuta kile kitufe cha usiku, huandikwa Night au DRC, kinabana tofauti ya kelele na mnong'ono: bomu halitamshtua na anayenong'ona atasikika. Wapo watakaosema kinaharibu sauti ya asili. Kwa nyumba yenye mzee asiyesikia vizuri mimi sioni hoja yao.

Na ile spika ya kati kama imekaa chini kwenye kabati, inyanyue pua yake kwa kipande cha mbao ielekee masikio yake alipokaa, isielekee magoti.

---

Bandari_Wete (#14)

Bado nasema saundiba ingemaliza yote haya. Siku nne mnazungumza nyaya.

---

Nyaya_Mlandege (#15)

Kaka wa Wete, sikukatalii kwa nyumba isiyotaka nyaya. Chumba kidogo, watu wawili, saundiba ni sawa kabisa. Lakini saundiba ya kawaida isiyo na spika za nyuma haina nyuma ya kweli, nyingine hukisia tu kwa kurusha sauti ukutani. Huyu ana spika tano na zote zimeshajionyesha nzima. Kumwambia azitupe kwa sababu ya waya wa mita 8 si haki.

---

Kikwajuni_Juu (#16)

Mimi naishi nyumba ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari juu sana, boriti za mikoko. Chumba chenye sakafu ya marumaru na kuta tupu, hata uwe na spika za bei gani, maneno yatachafuka. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia "tring" ikifuatia nyuma ya kofi, chumba kinakurudishia sauti, na maneno yanapandana.

Mimi nilitandika zulia mbele ya makochi, nikaweka pazia zito dirishani, na ukuta wa nyuma ya kochi nikatundika mikeka miwili ya ukili iliyotoka huko huko Pemba, nyuma yake blanketi lililokunjwa. Mkeka peke yake ni mwembamba, lile blanketi ndilo linalokula sauti. Ile tring imekwisha. Mgeni anaona pambo.

Na spika za nyuma zisiwe nyuma kabisa ya kisogo. Kwa 5.1 zikae pembeni na kurudi nyuma kidogo, kati ya digrii 110 na 120 ukihesabu kutoka mbele yako, juu ya kichwa kidogo. Kisha pima kwa futi kutoka kila spika mpaka kichwa cha anayekaa, andika umbali kwenye risiva. Sauti huchukua kama milisekunde 3 kwa kila mita. Spika iliyo karibu risiva itaichelewesha, zote zifike pamoja. Sisi tulikuwa tumeandika umbali mmoja kwa zote, na mlango wa nyuma ulikuwa unagonga kabla ya mlango wa mbele kufunguka.

---

Machomane_Juu (#17)

Umbali nitapima kesho, inshallah. Imebaki sabufa. Inavuma vilevile. Nimebadilisha waya wake, bado.

---

Nyaya_Mlandege (#18)

Mvumo ule wa chini ni umeme wenyewe, Hz 50 (mara hamsini kwa sekunde), umeingia kwenye njia ya sauti. Optiko siilaumu, ile inabeba mwanga, haipitishi umeme. Sabufa yako ina plagi ya pini tatu, yaani imegusa ardhi ya nyumba. Na dishi lako, nguzo yake imechimbiwa wapi?

---

Machomane_Juu (#19)

Nje uani, bomba la chuma, limezikwa chini.

---

Nyaya_Mlandege (#20)

Basi umeshafika. Dishi limegusa ardhi kule uani, sabufa imegusa ardhi ndani, na ardhi hizo mbili hazilingani sawasawa. Umeme kidogo unazunguka: dishi, king'amuzi, zile nyaya nyekundu na nyeupe, risiva, sabufa. Wewe unausikia. Ndiyo maana hata TV ikizimwa upo, maana TV haimo kwenye mzunguko huo.

Pima: chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukikatika, chomoa nyekundu na nyeupe moja kwa moja, king'amuzi kipitishe kwa HDMI kwenda TV, na sauti yake ije kwenye risiva kwa ile optiko. Mwanga utaukata mzunguko.

Nakuomba sana: mtu asikuambie uvunje ile pini ya ardhi ya sabufa. Utakata mvumo na utakata kinga yako pamoja nao. Una watoto ndani.

---

Machomane_Juu (#21)

Nimechomoa waya wa dishi, mvumo ukakatika palepale. Sikujua kama ukumbi wangu unaweza kuwa na utulivu namna ile. Nimefanya HDMI kama ulivyosema, dishi nimelirudisha, kimya.

Waya wa nyuma nimenunua leo sokoni Chake, mita 10. Nimeumenya mbele ya mwenye duka, wa kwanza ulikuwa mweupe ndani, nikaurudisha, wa pili shaba mpaka katikati. Safari hii sikuupitisha dirishani, nimeupandisha juu ya fremu ya mlango na kushuka pembeni.

Jana usiku tumekaa wote. Kwenye filamu mtu akagonga mlango, spika ya nyuma kushoto. Bi mkubwa akageuka akaitikia, "Karibu!" Kisha akauliza mbona hawaingii.

Ana neno moja tu: spika ya nyuma kulia iko karibu naye mno, anakaa kochi la pembeni. Nipunguze sauti yake, au nihamishe spika?

---

Ukili_wa_Pemba (#22)

Mwache bi mkubwa kwenye kochi lake. Pandisha spika juu zaidi ukutani, kama futi mbili juu ya kichwa chake, kisha ipunguze desibeli 2. Ukimaliza pima umbali upya, kwa futi ukianzia kichwani mwake.